Nyayo Zilizofukiwa Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Laetoli

Kabla ya kuanza

Mahali pa kisa hiki hapafichiki. Nikisema tu "nyayo za kale kwenye majivu ya volkano, kaskazini mwa Tanzania", kila msomaji atajua ni Laetoli. Kwa hiyo jina la mahali limebaki, pamoja na majina machache ya watafiti ambao kazi zao zimechapishwa hadharani. Walinzi, mafundi, vibarua, maofisa na wazee wa eneo nimewataja kwa kazi zao tu.

Kisa chenyewe ni kisa cha mchanga. Mwaka 1979 nyayo maarufu kuliko zote za viumbe wa ukoo wetu zilifukiwa ili zisiharibike. Mchanga uliotumika ulikuwa na mbegu za migunga. Baada ya miaka kumi na kitu, miti ilikuwa imesimama juu ya tuta na mizizi ilikuwa imeshuka mpaka kwenye nyayo zenyewe. Nakitumia kisa hiki kuwafundishia vijana wanaoingia kwenye kazi ya malikale kwa sababu hakina mtu mbaya. Kila aliyeamua, aliamua kwa nia njema na kwa elimu aliyokuwa nayo, na bado nusura tuzipoteze.

Usuli

Laetoli iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, yapata kilomita 45 kusini mwa Bonde la Oldupai. Ni nchi ya wafugaji: nyasi, migunga, na makorongo yanayofurika kwa saa chache kisha yakakauka. Makorongo hayo ndiyo wachimbuaji wa kwanza wa eneo hili. Maji yakila ukingo, mifupa hujitokeza yenyewe. Louis Leakey alifika mwaka 1935, Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen akafuata mwishoni mwa miaka hiyo, lakini utafiti mzito ulianza katikati ya miaka ya 1970 chini ya mwanaakiolojia Mary Leakey. Mwaka 1974 lilipatikana hapo taya la chini lililopewa namba LH 4. Miaka minne baadaye taya hilo ndilo lililochaguliwa kuwa kielelezo rasmi cha spishi ya *Australopithecus afarensis*, mmoja wa zamadamu, yaani viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu. Watu wengi wakisikia jina hilo humkumbuka Lucy, mifupa maarufu ya spishi hiyo iliyopatikana Ethiopia, na ni haki yake, lakini mfupa ambao jina la spishi limefungwa kwao ni wa Laetoli.

Nyayo zilitokana na bahati ya hali ya hewa. Takriban miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ya jirani ilitema majivu laini yenye kaboneti nyingi, aina ya chumvi ya madini. Ukitaka kuyaelewa majivu ya namna hiyo, itazame Oldoinyo Lengai, volkano pekee hai duniani leo inayotoa lava ya jamii hiyo. Majivu haya yakiloweshwa kidogo kisha yakaanikwa na jua, hushikana mithili ya saruji. Mvua zaidi ingeyafanya kuwa tope, na bila mvua yangebaki vumbi la kupeperushwa. Siku zile ilinyesha rasharasha tu, na kwenye baadhi ya sehemu alama za matone zipo mpaka leo. Tembo wakapita, na twiga, vifaru, swala, sungura na kanga. Kisha majivu mengine yakaanguka juu, na mengine tena, hadi tabaka lote likafikia unene wa sentimita kama 15.

Mwaka 1976 watafiti kadhaa waliokuwa wageni wa kambi ya Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo, mchezo wa jioni baada ya kazi. Mmoja wao, Andrew Hill, alianguka akikwepa, na akiwa chini aliona alama za wanyama kwenye mwamba mbele ya uso wake. Miaka miwili baadaye, mahali palipopewa jina la Eneo G, mwanakemia Paul Abell aliona alama iliyofanana na kisigino cha mtu. Uchimbuaji wa 1978 na 1979 ulifunua njia yenye urefu wa mita kama 27 na nyayo zipatazo 70.

Uzito wake kisayansi

Mfupa huweza kusombwa na mto, kuburutwa na fisi, kuvunjwa na kuunganishwa vibaya. Unyayo hausafiri. Pale ulipo ndipo mguu ulipokanyaga, na mguu uliokanyaga ulikuwa hai, wenye nyama na ngozi, ukibeba mwili mzima.

Ukiutazama mmoja kwa karibu unaona kisigino kimezama sana kuliko sehemu nyingine, kwa maana ndicho kilichotua kwanza. Uzito umepita upande wa nje wa mguu, ukarudi ndani, na mwisho kidole gumba kimesukuma ardhi kabla ya mguu kuinuka. Kidole gumba hicho kimeelekea mbele, sambamba na wenzake. Sokwe akikanyaga, gumba lake hutoka kando kama la mkono, tayari kushika tawi. Wataalamu bado wanabishana kama watembeaji wa Laetoli walinyoosha magoti sawasawa na sisi au walikunja kidogo, na ubishi huo una faida, lakini hakuna anayebisha kwamba walitembea kwa miguu miwili.

Zamani wanasayansi wengi waliamini kwamba ubongo mkubwa ulitangulia, na kusimama wima kukafuata. Zamadamu wa Laetoli alikuwa na ubongo wa ukubwa wa karibu theluthi moja ya wetu. Zana za mawe za kale zaidi zinazojulikana, za Lomekwi magharibi mwa Ziwa Turkana, zina umri wa miaka milioni 3.3. Nyayo ni za kale kuliko zana hizo kwa zaidi ya miaka laki tatu. Basi mguu ulitangulia, mikono ikabaki huru, na mengine yakaja muda mrefu baadaye. Mifupa ya nyonga na goti ilikuwa imeshaashiria jambo hilo, lakini nyayo zililionyesha waziwazi hata kwa mtu asiyejua anatomia.

Kwenye Eneo G walipita watatu. Mmoja alikuwa mdogo, unyayo wake una urefu wa sentimita kama 18 tu. Pembeni yake walipita wawili, mmoja akikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake. Karibu nao alipita farasi wa kale wa vidole vitatu pamoja na mtoto wake.

Kwa mhifadhi, kitu cha kulindwa hapa kilikuwa ni mashimo: nafasi tupu zenye umbo, ndani ya mwamba ambao sehemu fulani ni mgumu na sehemu nyingine umeoza na kuwa kama udongo. Fuvu unaweza kulifungia pamba na kulipeleka Dar es Salaam. Nafasi tupu haina pa kushikwa, na thamani yake yote imo kwenye milimita chache za ukingo.

Mfululizo wa matukio

*1979.* Uchimbuaji ulipokwisha, timu ilichukua vipimo, picha na kalibu za kutengenezea nakala. Kabla ya kutengeneza kalibu, nyayo zilipakwa gundi ya akriliki ili uso wa mwamba uwe imara. Kisha njia ikafukiwa kwa mchanga wa mtoni uliochotwa jirani, na juu yake yakapangwa mawe ya volkano ili mvua isisombe mchanga na wanyama wakubwa wasikanyage.

*Miaka ya 1980.* Mchanga ulikuwa na mbegu za mgunga. Mawe yalitunza unyevu chini yake na kuikinga miche michanga. Ulinzi ule ukageuka kitalu. Mti wa mita mbili hauoti kwa usiku mmoja. Misimu ilipita, miche ikawa miti, na tuta likafanana na kichaka kingine chochote cha Laetoli.

*1992.* Lilifunguliwa shimo la ukaguzi la mita 3 kwa 3 kwenye njia. Mizizi ilikuwa imepenya, na baadhi ya alama zilikuwa zimeharibika. Lakini pale ambapo mizizi haikufika, nyayo zilikuwa katika hali nzuri ajabu, kama zilivyofukiwa.

*1993 hadi 1996.* Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania ilishirikiana na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani. Hatua ya kwanza ilikuwa kuua miti bila kuing'oa, kwa dawa inayooza yenyewe baada ya muda. Jumla ilikuwa miti na vichaka 150, na 69 kati yake ilikuwa juu ya tuta au kando yake kabisa. Mwaka 1995 ilifunuliwa sehemu ya kusini ya njia, mwaka 1996 sehemu ya kaskazini. Kila sehemu ilipimwa, ikatibiwa, ikafukiwa tena. Mary Leakey alifika kuziona mwaka huo wa 1996 akiwa na umri wa miaka 83, na mwezi Desemba alifariki dunia.

*2011.* Sehemu ya njia ilifunguliwa kwa ukaguzi. Rais wa wakati huo alifika, na serikali ikatangaza nia ya kuifungua njia ili wananchi na watalii waione mahali pake.

*2014 na 2015.* Wazo la kujenga makumbusho hapo hapo lililazimu tathmini ya athari. Mashimo ya majaribio yalichimbwa, na mita kama 150 kusini mwa Eneo G zikatokea nyayo nyingine za zamadamu. Pakaitwa Eneo S.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa 1979 hueleweka ukijiweka pale penyewe. Barabara ilikuwa mbaya, mvua zinakuja, hakuna umeme, hakuna jengo, na kambi inafungwa. Kuziacha wazi kungekuwa kuzitoa sadaka. Kufukia ndiyo njia pekee iliyowezekana kwa haraka, na mchanga wa mtoni ulikuwepo karibu. Hakuna aliyejiuliza ndani ya mchanga ule mna nini, au kama kuna aliyejiuliza, hapakuwa na muda wala vyombo vya kuuchekecha.

Uamuzi wa miaka ya 1990 ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu safari hii palikuwa na muda wa kufikiri, fedha, na macho ya dunia. Njia tatu ziliwekwa mezani.

Ya kwanza ilikuwa kuikata njia yote na kuihamishia makumbusho. Inavutia, na kuna watu waliitetea kwa dhati. Lakini mwamba ule hauna uimara wa namna moja, kuukata vipande na kuubeba kwenye barabara ile kungeweza kuupasua, na hapakuwa na jaribio lolote la awali kwenye mwamba wa aina hiyo lililotosha kumpa mtu ujasiri. Zaidi ya hapo, nyayo zikitolewa Laetoli zinakuwa vigae vyenye alama. Uhusiano wake na nyayo za tembo, na tabaka, na mwelekeo wa safari, ungekatika.

Ya pili ilikuwa kujenga kibanda au jengo juu yake. Hili ndilo ambalo wanafunzi wangu karibu wote hulichagua mwanzoni. Paa huzuia mvua ya juu, lakini halizuii unyevu unaopanda kutoka chini, na mwamba uliooza hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka. Jengo linahitaji fundi, mlinzi, umeme, vipuri na bajeti ya kila mwaka bila kukosa. Jengo lililochoka ni hatari kuliko kukosa jengo, kwa sababu nyayo zitakuwa wazi chini yake.

Ya tatu ilikuwa kufukia tena, safari hii kwa ustadi. Ndiyo iliyochaguliwa. Ushahidi mkubwa ulikuwa lile shimo la 1992: pasipokuwa na mizizi, kufukia kulikuwa kumefanya kazi yake vizuri.

Utekelezaji ndio ninaoupenda zaidi katika kisa hiki. Mti uliokufa juu ya unyayo hauvutwi, maana ukiuvuta unabeba na mwamba. Mafundi waliimarisha mwamba ulio pembeni kwa akriliki iliyochanganywa na maji, kisha wakaukata mzizi kidogo kidogo kwa misumeno midogo ya mashine, wakautoa vipande vipande, na tundu lililobaki wakalijaza. Mtu aliweza kukaa amepiga magoti kwa muda mrefu akishughulika na mzizi mmoja usiozidi unene wa kidole. Picha maalumu za kupimia zilipigwa, zenye uwezo wa kuonyesha umbo la unyayo kwa usahihi wa nusu milimita, ili hata unyayo ukipotea siku moja, umbo lake libaki.

Kisha kufukia. Mchanga wa mtoni tena, lakini umechekechwa ili mbegu za migunga zisipite. Juu ya tabaka la kwanza kikatandikwa kitambaa kinachopitisha maji na hewa. Juu zaidi kikawekwa kitambaa chenye vifundo vya dawa inayotoka polepole kwa miaka mingi na kuuzuia mzizi usipite. Mchanga mwingine, kitambaa kingine cha dawa, mkeka wa kuzuia mmomonyoko, na mwisho udongo wa pale pale na mawe ya volkano. Tuta lilifika urefu wa mita moja katikati, likiwa na mteremko wa kumwaga maji ya mvua pembeni.

Uamuzi mwingine ulihusu majirani. Mradi uliwaendea Wamaasai wa eneo hilo na kiongozi wao wa kidini, oloiboni. Ulifanyika mkutano wa watu wapatao 100 kueleza umuhimu wa mahali pale, na kondoo akachinjwa kwa ajili ya kupabariki. Wenyeji waliajiriwa kuwa walinzi. Wapo wanaosoma sehemu hii kama adabu tu ya kupiga hodi. Mimi naihesabu kuwa sehemu ya kinga, sawa na vile vitambaa. Mtu wa kwanza kuona mche umeota au jiwe limesogezwa ni mchungaji apitaye pale na mbuzi wake, miezi mingi kabla ya mtaalamu yeyote kufika kutoka mjini.

Matokeo

Madhara yalikuwa madogo kuliko ilivyohofiwa. Mara nyingi mizizi ilitambaa juu ya mwamba mgumu bila kuupasua, ikapenya pale ulipokuwa umeoza au una ufa. Nyayo chache zilipata jeraha la kudumu. Nyingi zilinusurika, na wanasayansi walipata nafasi ya kuzipima upya kwa vyombo ambavyo mwaka 1979 havikuwepo.

Gundi ya 1979 ilikuwa imezitia nyayo weusi. Kwenye baadhi iliondolewa kwa karatasi laini zilizoloweshwa dawa ya kuyeyusha, kazi ya polepole, lakini ilifanyika kwa nyayo chache tu kwa sababu kila unapogusa unachukua hatari mpya.

Nakala ya sehemu ya njia iliwekwa Oldupai ili wageni waione, na makumbusho mapya ya Oldupai yalifunguliwa mwaka 2017. Ukaguzi wa 2011 ulikuta sehemu iliyofunguliwa ikiwa katika hali nzuri.

Na Eneo S likaongeza elimu. Timu iliyoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzake wa Italia, ilichapisha matokeo Desemba 2016: nyayo 14 za zamadamu, 13 za mtu mmoja na moja ya mwingine, kwenye tabaka lile lile la Eneo G. Yule mwenye nyayo 13 alikuwa na mguu wa sentimita 26 na alikadiriwa kufikia urefu wa sentimita 165, mrefu kuliko wote waliojulikana pale. Kumbe katika viumbe hawa tofauti ya ukubwa kati ya mmoja na mwingine ilikuwa kubwa sana, pengine ya dume na jike. Mwaka 2021 zikafuata habari za Eneo A. Nyayo tano zilizoonekana tangu miaka ya 1970, ambazo wengine walidhani ni za dubu, zilifunuliwa upya mwaka 2019 na kuonekana kuwa za zamadamu wa aina tofauti na wale wa Eneo G. Zilikuwa zimekaa chini ya udongo uliosombwa na mvua kwa zaidi ya miaka arobaini, zikisubiri mtu wa kuziuliza swali bora.

Uchambuzi: kilichofaulu na kilichoharibika

Kosa la 1979 halikuwa kufukia. Nasisitiza hili kwa sababu kila mwaka yupo mwanafunzi anayeandika "walikosea kuzifukia". Mbinu ilikuwa sahihi, malighafi ndiyo iliyokuwa na kasoro. Mchanga wa korongo la Laetoli umepita chini ya migunga yote ya juu ya korongo, lazima uwe na mbegu. Mtu aliyekulia pale angelijua hilo bila kusoma kitabu. Lingeulizwa swali moja kwa mzee mmoja wa pale, pengine tusingekuwa na kisa cha kuchambua.

Kosa kubwa zaidi lilikuja baadaye, na halina tarehe. Miti ile ilipita kwenye hatua ya mche wa kung'olewa kwa vidole viwili. Ikapita kwenye hatua ya kung'olewa kwa mkono. Hapakuwa na utaratibu wa kudumu wa mtu kwenda pale kila baada ya mvua, akainama, akang'oa, akaandika kwenye daftari. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu wa kigeni wala mashine. Inahitaji mtu anayelipwa, jembe, na gari lenye mafuta mara mbili kwa mwaka. Wafadhili huipenda siku ya kufunua, yenye kamera. Siku ya kung'oa miche haina mgeni rasmi. Kwenye mpango wowote wa malikale ninaoletewa kusoma, nautafuta kwanza ukurasa wa matunzo ya mwaka wa kumi. Mara nyingi haupo.

Kuhusu gundi, somo ni la kiufundi na linahusu kila mtu anayeshika visukuku: usiweke juu ya kitu kile usichojua namna ya kukiondoa. Waliopaka walifuata kanuni za wakati wao, na bila kupaka pengine kalibu zingeng'oa chembe za mwamba. Lakini weusi ule ulibadilisha jinsi mwanga unavyoanguka ndani ya unyayo, na watafiti husoma unyayo kwa mwanga.

Kilichofaulu kupita vyote ni kumbukumbu. Vipimo, ramani na kalibu za 1978 na 1979 ndivyo vilivyowezesha timu ya 1995 kujua mzizi uko juu ya unyayo upi kabla hata ya kuuona. Ramani za zamani ndizo zilizowapeleka watafiti wa 2019 mpaka zilipo zile nyayo tano za Eneo A. Nimewahi kuwaona vijana wakichimba kwa bidii siku nzima na kuandika maelezo kwa robo saa jioni, wamechoka, mwanga umekwisha. Huko ni kuharibu eneo kwa mikono safi.

Linabaki suala ambalo sijaona jibu lake la kunitosheleza, nalo ni haki ya kuona. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Karatu akiwaleta watoto Laetoli, anawaonyesha tuta la mawe. Anawaambia: chini ya hapa kuna nyayo. Watoto wanamwamini kwa sababu ni mwalimu. Watu waliotaka njia ifunguliwe mwaka 2011 hawakuwa wajinga wa uhifadhi. Walikuwa wanauliza kwa nini urithi wa Watanzania uonekane kwenye picha za majarida ya ng'ambo na usionekane na Mtanzania aliyesimama juu yake. Hoja hiyo nzito isijibiwe kwa kuambiwa tu kwamba sayansi imekataa.

Msimamo wangu ni kwamba nyayo za Eneo G ziendelee kubaki chini, na nakala iletwe pale pale, hatua chache kutoka kwenye tuta, kwa ukubwa wake halisi wa mita 27, mtoto avue viatu na kutembea sambamba na yule mdogo wa sentimita 18. Nakala ya Oldupai ni nzuri, lakini Oldupai si Laetoli. Mlima, upepo na nyasi ni vingine.

Hata hivyo nakala nayo inahitaji pa kuwekwa, na hapo ndipo Eneo S linapoingia. Tabaka la majivu halikuishia kwenye mipaka ya uchimbuaji wa Mary Leakey. Mashimo ya majaribio ya 2014 yalichimbwa ili kuona kama jengo laweza kusimama bila kuharibu kitu, na mashimo machache tu yakakuta njia mpya ya watembeaji na mamia ya alama za wanyama. Nguzo ya jengo ina upana wa sentimita kadhaa. Unyayo una sentimita 26. Yeyote atakayechora ramani ya makumbusho ya Laetoli, hata kibanda cha tiketi, hata choo, aanze kwa kuchekecha udongo wa kila shimo la nguzo kwa mkono, na awe tayari kulifukia na kwenda kuchimba kwingine.